Njia ya miguu kando ya kijito chetu: nianzie wapi bila kuwaletea majirani alama ya X?

Mwalimu wa Bondeni

Wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo. Naomba ushauri, hasa kwa wapimaji, watu wa mipangomiji, na yeyote aliyewahi kulisimamia jambo la mtaa likafika mwisho.

Naishi Goba, upande unaoteremka bondeni, mwaka wa 14 sasa. Chini yetu kuna kijito kinachoingia Mto Mbezi. Kiangazi unakivuka maji hayafiki kifundo cha mguu. Masika ni habari nyingine, na vuli ya 2023, ile ya El Nino, kilichukua kivuko chetu cha nguzo mbili za umeme usiku mmoja. Asubuhi tulikuta matope tu na kipande cha waya. Wanafunzi wa ng'ambo walikaa nyumbani siku tisa. Nafundisha darasa la pili, daftari la mahudhurio nililijaza mimi mwenyewe, na kila nikilifungua ukurasa ule naona misalaba imejipanga kama uzio.

Maji yakiwa mengi watoto wanazungukia barabara ya juu. Huko hakuna pa kuweka mguu: kuna lami, kuna mtaro ulio wazi, kuna malori ya mchanga na kokoto. Siku za kawaida wanapita kichochoro kilichokanyagwa na watu wenyewe kando ya kijito, nyuma ya nyumba. Kuna mahali pana mkorosho mkubwa ambao maji yameula udongo wa chini, mizizi imebaki inaning'inia hewani. Watoto wanavua viatu, wanaviuma kwa kamba mdomoni, wanashika mizizi kwa mikono miwili na kupita ubavu ubavu. Mizizi ile imekuwa laini na kung'aa kama mpini wa jembe la zamani. Nimesimama pale asubuhi tatu mfululizo nikiwahesabu. Wanafika 40 kabla ya saa moja.

Mwezi uliopita nilinunua kamba ya manila ya mita 50, nikaipiga fundo kila mita tano, nikaenda na vijana wawili wa mtaani. Kutoka daraja la lami mpaka nyuma ya shule ni kamba 27 na kidogo, yaani karibu mita 1,400. Upande wetu nyumba zinazopakana na kijito ni 31. Tisa kati ya hizo kona ya nyumba haifiki mita 10 kutoka ukingoni.

Ninachotaka ni njia ya umma. Upana mita mbili, udongo ulioshindiliwa, miti pembeni, kivuko cha kueleweka, na mabenchi mawili matatu ya wazee kupumzika. Siyo barabara. Niliposhika daftari kwenda nyumba kwa nyumba kuuliza maoni, nyumba ya tatu tu mama mmoja aliniuliza, "Mwalimu, hiyo kamba umetumwa na nani?" Akafunga mlango. Nilimwelewa. Mtu akiona kamba bondeni anaona zile mita 60 za sheria ya ukingo, na akiona mita 60 anaona X nyekundu ukutani, alama ya nyumba ya kubomolewa.

Kwa hiyo swali langu ni hili: jambo hili linaanzia ofisi gani, na je, tunaweza kulipeleka huko bila kuwa tumewachoma majirani zetu?

Fundi wa Bikoni

Marahaba mwalimu. Nimepima viwanja vya pembezoni mwa Dar zaidi ya miaka 20, nitakwambia ninavyoliona.

Hiyo mita 60 haikuletwa na kamba yako. Imo kwenye Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57: shughuli ya kudumu, au inayoweza kuharibu hifadhi ya ukingo, isifanyike ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Kabla ya hapo Sheria ya Ardhi ya 1999 ilishaitaja ardhi iliyo ndani ya mita 60 za ukingo wa mto miongoni mwa ardhi hatarishi. Majirani zako wamo ndani ya mstari huo iwe kuna njia au hakuna. Waambie hivyo wazi. Usiwafiche, maana siku wakilisikia kwa mwingine watajua ulikuwa unajua.

Pili, sheria hiyo hiyo inakuchagulia aina ya njia. Ukiandika "zege", "ukuta" na "vibanda vya biashara" umeomba kitu cha kudumu ndani ya mita 60 na utaulizwa. Ukiandika njia ya udongo, nyasi za kushika ukingo na miti ya asili, umeandika hifadhi ya ukingo ambayo watu wanaruhusiwa kuitembea. Watu wa NEMC, baraza la taifa la mazingira, na Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu waulizwe mapema kwa barua, kabla hujamwita mtu wa kijiko.

Tatu, nenda idara ya mipangomiji ya halmashauri uombe kuona mchoro wa eneo lenu. Kama mtaa umeshapitiwa na urasimishaji wa makazi, mchoro utaonyesha bonde limeachwaje na kama kuna njia yoyote iliyochorwa. Mara nyingi kichochoro mnachokipita kila siku hakimo. Mnakipita kwa hisani ya wenye viwanja, na siku mmoja akiuza, mnunuzi anajenga ukuta. Sheria ya Ardhi inayo haki ya njia kwa ajili ya umma. Ndiyo mnayoitafuta, kichochoro kiingie kwenye mchoro.

Kuanzia ni mkutano mkuu wa mtaa. Muhtasari wenye saini, mahudhurio yameambatishwa, mwenyekiti na mtendaji wamegonga muhuri, ndipo unapanda Kamati ya Maendeleo ya Kata, kisha halmashauri. Barua ya mtu mmoja, hata awe mwalimu, inalala kwenye faili.

Na jambo la mwisho, la ufundi. Kijito hakinyooki. Kwenye kona, maji yanakula ukingo wa nje na kumwaga mchanga ukingo wa ndani. Huo mkorosho wako bila shaka uko kona ya nje. Njia ikipita hapo, hata uizungushie mawe ya thamani gani, utaijenga kila mwaka. Ipitishe mbali na ukingo kwenye kona za nje na uisogeze karibu kwenye kona za ndani. Nimeona bikoni, zile alama za mipaka ya viwanja, zilizochimbiwa nchi kavu leo ziko katikati ya mkondo, na sababu kubwa ni mchanga unaochimbwa chini ya mto na wanaoufyatulia matofali.

Karibu na Karura

Mwalimu hujambo. Mimi niko Nairobi, natembea msitu wa Karura karibu kila Jumapili, njia za kando ya mto zikiwemo, zile za kwenda kwenye maporomoko na mapango. Ule msitu ni hekta 1,041 na watu wa rika langu tunakumbuka ulikuwa mahali pa kuogopwa. Mwaka wa 1999 Wangari Maathai na wenzake walipigwa pale wakipinga msitu usigawanywe viwanja. Hata baada ya kuokolewa, hukuwa unaona mama na watoto wakiingia kutembea.

Mabadiliko yalikuja 2009 jumuiya ya marafiki wa msitu ilipoundwa, wakafanya kazi pamoja na Shirika la Misitu. Uzio ulijengwa, njia zikawekwa vibao, na vijana wa mitaa ya mabanda iliyo jirani wakapewa kazi ndani. Yule aliyekuwa anaingia kutafuta kuni akawa na sababu ya kuulinda.

Uzio na tiketi ya kuingilia havifai kwa njia ya mtaa, hiyo ni mambo ya msitu. Lakini hao wachimba mchanga wa kijito chenu ningewaita kwenye mkutano wa kwanza. Wao ndio wanaojua maji yalifika wapi mwaka gani. Na ukitaka kuona kando ya mto iliyokuwa jalala na gereji ikawa bustani, kuna Michuki hapa mjini, iliyosafishwa 2008. Ilihitaji mtu wa kuishughulikia kila wakati, si mara moja.

Hofu ya majirani zako naijua. Baada ya mafuriko ya 2024 serikali yetu iliagiza walio ndani ya mita 30 za mito wahame, na watu wa Mathare na Mukuru waliona tingatinga wakiwa bado wanaanika magodoro.

Mama Houston

Mwanangu mwalimu, nakuita mwanangu kwa sababu nimestaafu. Nilikulia Ubungo, sasa nipo Houston, na kila asubuhi natembea kando ya Brays Bayou. Bayou ni mto wa tambarare, mzito, rangi ya chai ya maziwa. Jiji hili lina mingi, na Novemba 2012 wananchi walipiga kura kuruhusu dola milioni 100 zikopwe kwa ajili ya njia za kando yake, pamoja na fedha za wahisani. Lengo lilikuwa kama kilomita 240. Najua Goba hakuna fedha hizo, sikuandikii kwa ajili ya fedha.

Nakuandikia kwa sababu ya kitu kimoja nilichokiona hapa: njia imekubaliwa kuzama. Inashuka kupita chini ya madaraja ya barabara ili mtu asikutane na gari, na mvua kubwa ikija sehemu zile zinafunikwa kabisa. Maji yakipungua, gari dogo linakuja kukwangua tope, kesho yake tunatembea. Kimbunga Harvey mwaka 2017 kilifunika kila kitu, nyumba kwa maelfu, na njia ilikuwa miongoni mwa vitu vya kwanza kutumika tena, kwa sababu haikuwa na cha kuvunjika. Panga kila kitu ukijua masika yatapita juu yake. Benchi lifungwe chini kwa zege dogo au lisiwekwe. Taka zisipewe mahali pa kunasa. Kalavati nyembamba itaziba kwa chupa na nepi, maji yatapita pembeni na kula ukingo.

Halafu uliza mapema nani atakayekwangua hilo tope.

Mwalimu wa Bondeni

Asanteni sana, nimewasoma mara mbili mbili na mume wangu ananiuliza kwa nini wali umeungua.

Fundi, umenifumbua kuhusu kona. Nimerudi leo jioni na kamba yangu, na kweli, mkorosho uko kona ya nje, na ng'ambo yake kuna fungu la mchanga mweupe ambapo watoto wanacheza mpira. Miaka yote naliona fungu lile na sikuwahi kujiuliza limetoka wapi. Limetoka chini ya mkorosho.

Maana yake njia ivuke kabla ya kona, ipite upande wa pili kama mita 200, kisha irudi. Hapo zitahitajika vivuko viwili badala ya kimoja. Gharama inapanda, lakini nyumba tatu kati ya zile tisa zilizo ukingoni ziko kwenye kona hiyo hiyo, kwa hiyo kwa kuvuka tunaziacha nyumba hizo kabisa.

Mama, kuhusu tope: nimezungumza na vijana wa mchanga. Wako sita, mkubwa wao nilimfundisha kusoma. Nilimuuliza maji ya El Nino yalifika wapi, akanionyesha kwenye mnazi, akaweka kiganja juu ya kichwa changu. Alisema tope la njia watalitoa wao kama mtaa utawaachia mchanga wa ndani ya kona, ule unaojileta wenyewe, na wao wataacha kuchimba chini ya kingo. Sijui kama sheria inaturuhusu kuwaachia hata huo. Fundi, naomba jibu hapo.

Kuna swali la bodaboda. Wengi wananiambia niweke nguzo mlangoni zisipite. Lakini darasani kwangu kuna mtoto anayekuja kwa kiti cha magurudumu, dada yake anamsukuma. Nimepima kiti chake, sentimita 66, na nimepima usukani wa bodaboda ya jirani, 78. Tofauti ni kiganja kimoja, na dereva akiinamisha pikipiki kidogo anapita. Nikibana zaidi namfungia nje mtoto. Mimi nachagua mtoto. Wa bodaboda nitakwenda kuwaona kijiweni kwao, wana mwenyekiti na wana masharti yao, na watoto wanaopita pale ni wa kwao pia.

Bonde Langu Toka 1998

Mwalimu, sikujui lakini nadhani kamba yako imepita nyuma ya nyumba yangu. Mimi nilinunua hapa 1998, karatasi ya mauziano ipo, ilisainiwa ofisi ya serikali ya mtaa ya wakati huo mbele ya mashahidi wanne. Hakuna aliyeniambia mita 60. Nimelipa kodi ya jengo. Desemba 2015 niliona kwenye runinga nyumba za bonde la Msimbazi zikivunjwa, watu wamekaa juu ya makochi katikati ya kifusi, mvua inanyesha. Toka siku ile nikisikia neno "mradi" tumbo linauma.

Sikatai njia. Wajukuu wangu wanapita kwenye huo mkorosho, na mkorosho ni wangu. Ninachokataa ni kupimwa na mtu kabla hajaniita kwa jina langu. Na jambo lingine niseme kwa niaba ya wengi ambao hawatasema: kuna mabomba yanayotoka kwenye vyoo kwenda kijitoni. Masika watu wanatapisha vyoo. Wakipita wageni kila siku itaonekana, na hiyo ndiyo aibu inayofunga milango, kuliko hata X.

Fundi wa Bikoni

Mzee wangu wa 1998 amesema jambo ambalo mipango mingi ya karatasi hailioni. Mwalimu, mabomba yaingie kwenye mpango kama kazi ya kwanza, kabla ya njia. Shimo la pamoja la nyumba nne tano, mahali gari la majitaka linaweza kufika, ni gharama wanayoweza kuchangiana. Na njia yenyewe ikifika nyuma ya nyumba hizo inasaidia gari dogo la kunyonya kupita, kama mtaacha sehemu moja ya mita tatu.

Kuhusu mchanga: usiwaahidi vijana chochote. Kuchimba mchanga mtoni kunahitaji kibali, na serikali ya mtaa haina mamlaka ya kuutoa. Andikeni kwenye muhtasari kwamba mtaa unaomba vijana hao wapewe kazi ya matunzo, na mliombe kwa halmashauri, ambayo ina utaratibu wa mikopo kwa vikundi vya vijana. Waandikishwe kama kikundi. Ukingoni pandeni nyasi za vetiva, mizizi yake inaweza kushuka mita tatu, na nyuma yake mianzi. Mawe ya kwenye nyavu ni ya gharama, tena yakilinda ukingo mmoja yanasukuma maji kwenda kwa jirani wa ng'ambo.

Mwalimu wa Bondeni

Mzee wa mkorosho, shikamoo. Ni kweli ilikuwa kamba yangu, na ni kweli sikukubishia hodi. Nilipita nyuma kwa sababu ilikuwa rahisi kwangu. Naomba radhi.

Leo alasiri nimekuja, bila kamba. Kwa wengine mnaosoma: tumekaa chini ya mkorosho, upande wa juu, karibu saa mbili. Mzee ameniomba jambo moja tu, kwamba kwenye ombi letu tusipime kutoka ukingoni kwenda kwenye nyumba. Tupime njia yenyewe: inaanzia wapi, inapinda wapi, upana wake, inavuka wapi. Namba za umbali wa nyumba nilizoandika kwenye daftari nimezichana mbele yake, ukurasa mzima. Kama halmashauri itataka kupima mita zake itapima yenyewe. Mimi sitakuwa nimewabebea.

Nilimweleza na lile la Fundi, kwamba sheria ipo tangu 2004, iwe tumeitaja au hatujaitaja. Alikaa kimya muda mrefu, akaokota korosho iliyoanguka, akaigeuza geuza. Akasema anajua. Akasema kila masika anaweka kijiti ukingoni kuhesabu hatua kati ya kijiti na ukuta wa jiko, na mwaka huu zimebaki kumi na moja.

Kisha akanionyesha jambo ambalo kamba yangu haikuliona. Juu ya kona, nyuma ya choo cha zamani, kuna mwamba mgumu chini ya majani, pande zote mbili za kijito, na mkondo hapo ni mwembamba. Anasema tangu 1998 haujasogea hata kidogo. Kivuko kikikaa pale kinakaa juu ya mwamba, na kimoja kati ya vile viwili nilivyovihesabu hakihitajiki. Mzee atatoa njia ya mita mbili kupitia kiwanja chake kufika hapo, kwa maandishi, masharti yake ni kwamba mkorosho usikatwe.

Mkutano mkuu wa mtaa ni Jumamosi ya wiki ijayo saa kumi jioni, uwanja wa shule. Ajenda ya kwanza ni mabomba, ya pili ni njia. Kabla ya hapo nina nyumba 30 za kubisha hodi, naanza kesho baada ya vipindi, na nyumba ya kwanza ni ya yule mama aliyefunga mlango.